Hiyo Unayoita Kelele Iko na Mwenyewe

Leo hakuna video. Naandika, kwa sababu hii maneno nikijaribu kuisema mbele ya kamera nitaishia kupiga nduru, na majirani wangu wa ploti tayari wamenichoka.

Ilianza Jumapili kwa shosho. Watu wamekula, wazee wamejaza viti vya sebuleni, wanapanga serikali vile wazee hupanga serikali wakishashiba. Binamu yangu mdogo amejikunja kwa kona na simu ya mamake, anacheza gemu, sauti iko juu mpaka mwisho. Anko akageuka.

"Zima hiyo kelele! Hiyo si muziki. Watoto wa siku hizi mnalishwa takataka."

Halafu akaniangalia mimi, yule aliyeacha chuo mwaka wa pili ndiyo atengeneze video, kana kwamba kiwanda cha takataka ni changu. Nilitaka kujibu. Lakini kabla sijafungua mdomo, simu yake ikalia. Na wasee, ilikuwa inalia ile toni ya Nokia. Ile yenyewe, ya zamani kabisa.

Kwa wale hawajui: ile toni ni kipande cha Gran Vals, muziki wa gita ulioandikwa na Mhispania Francisco Tárrega, wa mwaka 1902. Mzee amebeba gita la Uhispania mfukoni miaka zaidi ya ishirini. Anaupokea huo muziki kila siku, anaukata katikati aseme "haloo", na hajawahi kuuliza ni wa nani. Hata hajawahi kufikiria kwamba ni wimbo. Kwake ni simu inalia tu.

Na huyu anko ndiye hutuhadithia kila Krismasi vile 2002 waliimba Unbwogable mpaka sauti zikaisha. Ule wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji haukutungwa uwe wa kampeni. Walikuwa vijana wawili wanajipiga kifua, wakachukua neno la Kijaluo, bwogo, yaani kutisha, wakalivalisha Kiingereza mbele na nyuma. NARC wakaudaka, na kufikia Desemba mwaka huo nchi ilikuwa inajieleza kwa neno ambalo halikuwa kwa kamusi yoyote duniani. Anko hakukaa chini akauchambua huo wimbo ndiyo aupende. Alikuwa anaruka kwa umati, vumbi kwa viatu, na wimbo ukaingia.

Hapo ndipo nataka tukae. Tunadanganyana sana kwamba wimbo huwa wa watu kwa sababu watu waliupima wakauona mzuri. Zii. Unakuwa wa watu kwa sababu ulirudiwa na kurudiwa wakati wanafanya kitu kingine. Mikono ilikuwa na kazi, macho yalikuwa na kazi, masikio yakaachwa bila askari.

Na hakuna mahali masikio huachwa bila askari kama kwa gemu.

Mimi nimekulia Umoja. Karibu na kwetu kulikuwa na kibanda cha mabati chenye PlayStation mbili, viti vya plastiki, na mwenyewe aliyekuwa na fimbo ndogo ya kuchapa mtu akigusa waya. Mechi moja ashu. Sasa wewe una ashu moja na mbele yako kuna wasee tisa, kwa hivyo ukweli ni kwamba utoto wangu mwingi sikucheza, nilingoja. Na ukingoja FIFA, unasikia nini? Muziki wa kuchagua timu. Kipande kilekile, mtu anahangaika kati ya Chelsea na Barcelona, kipande kinarudi, mechi inaanza, kinakatwa. Mechi inaisha, kinarudi. Nilijua nyimbo za bendi za Uingereza na Brazili nzima nzima bila kujua jina hata la moja. Huo mtindo ni mzee kuniliko: FIFA ya kuelekea Kombe la Dunia la 1998 ilifunguliwa na Song 2 ya Blur, na kuna watu wazima leo wakisikia lile gita hawaoni bendi, wanaona mpira.

Mpaka sasa nikisikia moja ya hizo nyimbo kwa supermarket, mkono wangu wa kulia unajikunja kama umeshika pedi. Naapa.

Kakangu mkubwa yeye alikuwa na ile mashine feki yenye kaseti ya njano iliyoandikwa ina michezo 9999, kumbe ni ile michache inarudiwa kwa majina tofauti. Ndani yake Mario hakosi. Kila mtu anaujua ule wimbo, hata mtu ambaye hajawahi kushika gemu maisha yake. Ulitungwa na Mjapani Koji Kondo kwa Super Mario Bros. ya 1985. Hebu fikiria alichokuwa nacho: mashine yenye njia tano tu za sauti, moja kati yake ni mngurumo wa kuigiza ngoma. Mchezo wote, picha, ramani na muziki pamoja, ulikaa kwa kilobaiti 40. Selfi yako moja inaumeza huo mchezo mara nyingi na bado ina njaa.

Jaribio lake la kwanza Kondo alilitupa, kwa sababu halikuendana na mwendo wa Mario. Alitaka muziki ukimbie vile mchezaji anakimbia na uruke vile anaruka. Kwa hivyo anko akisema ni kelele za mashine, mimi naona msee aliyekaa akiangalia kidoli kikiruka, akajiuliza kuruka kunasikika vipi. Wangapi kati ya wale tunaowaita wasanii wakubwa wamewahi kujiuliza swali kama hilo?

Kabla yake kulikuwa na Space Invaders, 1978. Noti nne. Nne tu, zinashuka, zinarudi, na kadiri unavyowaua wale wavamizi ndivyo zinavyoharakisha. Viganja vinatoka jasho kwa sababu ya noti nne. Nionyeshe ngoma ya mapenzi iliyolipiwa studio miezi mitatu inayoweza kukufanyia hivyo.

Au Tetris. Gemu yenyewe ilitengenezwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Wimbo ambao wengi wanauita wimbo wa Tetris ulikuja na Game Boy ya 1989, na ni wa zamani kuliko Kenya kama nchi. Ni wimbo wa kienyeji wa Kirusi, Korobeiniki, uliotoka kwa shairi la Nikolai Nekrasov la 1861. Na unajua korobeiniki ni nani? Ni mahoka. Wachuuzi wa kuzunguka na mizigo mabegani. Yaani dunia nzima imekuwa ikipanga matofali kwa wimbo wa hoka anayebishana bei na msichana, na hakuna aliyetuambia. Mwaka 1992 Andrew Lloyd Webber, yule mzee wa michezo mikubwa ya jukwaani kule London, alijificha nyuma ya jina Doctor Spin akatoa toleo la dansi la huo wimbo, likaingia kumi bora Uingereza. Hoka wa 1861 kwa klabu ya 1992.

Sasa najua kuna wasee wanasema, "Wacha ushairi, ni algorithimu tu. Mtu analipa, ngoma inasukumwa, basi." Pesa inasukuma, sikatai. Nimeona kwa macho yangu vile ngoma hulipiwa iingie kwa video za watu, na nimelipwa mara moja kuitumia moja. Imeenda wapi? Siikumbuki. Mimi niliyelipwa siikumbuki! Pesa inaweza kukufanya usikie. Haiwezi kukufanya uimbe ukiosha vyombo. Wamlambez ya Sailors, 2019, haikushika kwa sababu ya bajeti. Ilishika kwa sababu ni kitu unafanya: mmoja anaita, mtaa unajibu, hata bila spika, hata kwa foleni ya maji. Ni gemu ile pia, ukifikiria. Na Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode ilitoka 2019 lakini ikazunguka dunia 2020, baada ya kikundi cha Angola kuicheza na sahani za chakula mkononi. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani, wakapewa hatua za miguu za kujifunza. Mwili ulipopata kazi, wimbo ukaingia.

Kuna utafiti uliotoka 2016, ulioongozwa na Kelly Jakubowski, kuhusu nyimbo zinazonata kichwani. Kwa ufupi: huwa na mwendo wa haraka kidogo, umbo la kawaida ambalo sikio linalitarajia, halafu ndani yake kuna mruko mmoja au miwili isiyotarajiwa. Kawaida, kawaida, kawaida, eh! Ukiwa umekaa kwa matatu ya Rongai huo mchoro unaujua bila profesa.

Lakini hii ndiyo inaniuma kuliko yote. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya kompyuta inaitwa Civilization IV, ile ya kujenga himaya kutoka enzi za mawe. Ukiifungua, kabla hujagusa chochote, inaanza kwaya. Na kwaya inaimba Kiswahili. Wimbo unaitwa Baba Yetu, na maneno yake ni Sala ya Bwana, ileile tuliyosema asemblini tukiwa tumefumba jicho moja. Mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin. Aliyesanifu gemu alikuwa amekaa naye chumba kimoja Chuo Kikuu cha Stanford, na walioimba ni kikundi cha chuo hichohicho, Talisman. Mwaka 2011 huo wimbo ukashinda Grammy. Wa kwanza kabisa kuwahi kushinda Grammy ukiwa umetungwa kwa ajili ya gemu. Wa kwanza! Kwa lugha ya shosho wangu!

Kwaya za shule Marekani zinaupiga. Okestra zinaupiga. Sisi wenye lugha, tukimwona mtoto ana simu tunamwambia azime kelele. Simlaumu Tin hata kidogo, jamaa alifanya kazi nzuri. Najiuliza tu kwa nini hakuna aliyekuja kutafuta mtunzi hapa, na jibu linanirudia vibaya: angemtafuta wapi? Kijana anayetengeneza muziki wa gemu hapa anajificha na vichwa vya masikio chini ya blanketi ili mathe asijue hasomi.

Na dunia haijangoja ruhusa ya anko. Sherehe ya kufungua Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, uwanja mtupu kwa sababu ya Korona, timu ziliingia kwa muziki wa gemu za Kijapani, Dragon Quest, Final Fantasy na nyingine. Zote, na timu ya Kenya pia. Anko alikuwa anatazama. Bendera ilipopita alisimama kwa kochi. Alisimamia muziki wa gemu, mzee wa watu, na chai mkononi. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaingiza wimbo wa Mario kwa orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa, mwaka mmoja na Imagine ya John Lennon na Gasolina ya Daddy Yankee. Muziki wa gemu wa kwanza kuingia humo.

Basi Jumapili jioni nilikuwa nimejaa hizi pointi zote. Nikampigia boy wangu mmoja tuliyesoma naye sekondari nimchekeshe na stori ya anko na Nokia. Akacheka sana. Halafu akanyamaza. Halafu akaniuliza, "Na ile biti yangu?"

Hii sehemu sikutaka kuandika.

Huyu jamaa hutengeneza muziki wa gemu. Kwa laptop yenye kioo kimepasuka, sehemu ya chini haionyeshi kitu, anakisia. Yeye na wasee wawili walikuwa wanajaribu kujenga gemu ya simu kuhusu makanga: unakusanya nauli, unatoroka kanjo, unapanga abiria. Haikuisha, doo ziliisha kwanza. Lakini alikuwa ametunga kipande cha sekunde 11, kinazunguka, kina honi ya matatu iliyogeuzwa ikawa noti. Mwaka jana nikamwambia, "Buda, nitumie hiyo, niko na video ya aina za makanga. Nitakutag." Akanitumia dakika hiyohiyo.

Ile video wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa. Mnajua ilienda wapi. Watu wakachukua sauti, wakaweka kwa video za mpira, za paka, za bwana harusi amechelewa. Duka la viatu likaiweka kwa tangazo. Kampuni moja ikanilipa Sh15,000 niirudie nikiwa nimeshika bidhaa yao. Na jina la boy wangu halikuwa mahali popote. Sikumtag.

Ningependa kuwaambia nilimdhulumu kwa mpango, angalau ningekuwa mwizi mwenye akili. Ukweli ni kwamba nilisahau. Biti iliingia kwa video, na kwangu ikawa ni video inalia tu.

Siku moja yuko kwa matatu anarudi Donholm, dereva ameiweka. Gari zima wanatingisha kichwa. Akashindwa kujizuia, akamwambia mama aliyekaa naye, "Hiyo nimetengeneza mimi." Mama akamwangalia, akacheka, akasema, "Hata mimi ni yangu."

Aliniambia hii stori bila hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea. Alisema tu, "Anko wako anasema ni kelele tu, wewe unasema ni sauti tu. Mimi sioni tofauti yenu."

Kwa hivyo polepole nimeelewa: kile kinachofanya hii muziki iingie ndicho kinachoficha mwenyewe. Inaingia ukiwa hauangalii, na kwa sababu hukuangalia, hujui nani aliileta. Solomon Linda alirekodi Mbube Johannesburg mwaka 1939, na dunia nzima mnaujua kama ule wimbo wa simba kulala. Haki zake ziliuzwa kwa shilingi 10. Ashu, wasee. Alikufa 1962 akiwa maskini, na familia yake ilipata makubaliano ya maana 2006, baada ya kwenda kortini. Waka Waka ya Shakira, 2010, imesimama juu ya Zangalewa ya Golden Sounds wa Kameruni, ya 1986. Ni wangapi wetu tuliruka na Waka Waka tukiwa nasari na tukajua hilo? Lakini tulikuwa watoto. Sasa si watoto.

Nageukia wenzangu wa kontenti, kwa sababu anko nimeshammaliza na yeye hata haposti. Tuna maneno yetu matamu. "Sauti ikishatrendi ni ya kila mtu." Nani alipiga hiyo kura? Mbona ile video yako ikishatrendi na mtu akiiba unaamka saa nane usiku kulia? "Lakini nimemtangaza." Umetangaza nini kama hakuna jina? "Ni sekunde 11 tu." Mario nayo ni sekunde ngapi kabla hujaijua? Na hii ya mwisho ninaichukia kwa sababu niliisema mwenyewe: "Angetaka pesa angeniambia." Msee hawezi kukuambia umlipe wakati anaogopa utamwita mtu wa doo. Wewe ndiye unajua umelipwa. Wewe ndiye ufungue mdomo.

Si mambo ya wakili, hii. Uliza kabla ya kutumia. Jina liwe mstari wa kwanza wa maelezo, si chini kabisa baada ya alama za reli ishirini. Ukilipwa, gawa, hata kama ni kidogo, na mpigie simu siku hiyohiyo kabla haijageuka kuwa bando na chipo. Na kama hujui ni nani aliitunga, basi tafuta. Tuna muda wa kutafuta kila mtu amemwacha nani, tutakosa wa kutafuta mtunzi?

Jina lake hamlioni hapa kwa sababu amekataa. Aliniambia, "Usiniweke kwa rabsha zako na anko. Niweke kwa video." Nimeweka. Mstari wa kwanza, nendeni muone, na mkishaona muingie kwake msikize zile zingine, kuna moja ya mvua na mabati ambayo itawamaliza. Wale mlioitumia kwa paka zenu, mnajua kazi.

Sh7,500 nimemtumia jana saa tatu usiku. Alikaa kimya mpaka asubuhi. Halafu akanitumia sauti ya sekunde tisa, bila neno. Ni biti mpya. Nimeisikiza sijui mara ngapi, nimeiimba nikipika ugali, nimeiimba kwa ngazi. Hajasema kama naweza kuitumia. Bado sijamuuliza.